Jamani, TAVI si yangu

Kila vyombo vya habari vinaposema siku hizi valvu ya moyo, yaani mlango wa damu moyoni, inabadilishwa bila kupasua kifua, simu yangu haitulii, maana mimi yangu ilibadilishwa kwa kupasuliwa. Shemeji ananitumia, mama mdogo ananitumia, mwalimu mwenzangu wa Kemia ananitumia na kuongeza, "Ungesubiri kidogo usingechanwa." Wananitakia mema, najua. Ila nimeshajibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, na atakayenitumia tena nitamrudishia kiungo cha hapa.

Njia hiyo inaitwa TAVI, na iko hivi. Daktari anapitisha mrija kwenye mshipa mkubwa wa pajani, anausukuma hadi kwenye moyo. Kwenye ncha ya mrija kuna valvu mpya iliyokunjwa ndani ya fremu ya waya. Ikifika kwenye valvu iliyoharibika ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, inatanuliwa, inaibana ile ya zamani pembeni, na inaanza kazi papo hapo. Wa kwanza kumfanyia binadamu ni Alain Cribier, mjini Rouen, Ufaransa, tarehe 16 Aprili 2002. Mwaka 2010 yakatoka majibu ya utafiti wa PARTNER kwa wagonjwa 358 ambao madaktari wa upasuaji walishasema kisu hawakiwezi. Kati ya waliopewa matibabu ya kawaida, nusu walikuwa wamefariki ndani ya mwaka mmoja. Kati ya waliowekewa valvu kwa mrija, asilimia 30.7. Mwaka 2019 ukaja PARTNER 3, safari hii kwa watu 1,000 ambao hata upasuaji wangeuhimili bila shida, na mwisho wa mwaka wa kwanza mrija ukaongoza tena.

Kazi nzuri, sibishi. Lakini tazameni umri. Utafiti wa 2010, wastani ni miaka 83. Ule wa 2019, miaka 73. Hao ni wazee ambao valvu zao zimekakamaa kwa kalisi iliyojijenga miaka na miaka, na kalisi hiyo hiyo ndiyo inayoishika fremu isisogee. Yangu haikuwa na kalisi. Ilikuwa imejikunyata na inavuja, kazi ya homa ya baridi yabisi, na mimi nilikuwa na miaka 26. Kutegesha fremu kwenye valvu ya namna hiyo ni kupigilia msumari kwenye ukuta wa udongo mbichi. Wapo watafiti Cape Town wanaohangaika na valvu ya mrija itakayoshika hata pasipo kalisi, na hao nawafuatilia kwa karibu. Wakifanikiwa, mimi ndiye nitakayewatumia ninyi habari.

Sasa, nilifikaje hapo? Kwa koo tu. Nimekulia Lushoto, na baridi ya kule mnaijua. Nilikuwa mtoto wa mafindofindo: homa, koo linauma, chakula hakipiti, siku chache napona, mwezi haujaisha yamerudi. Bibi alinisukutulisha maji ya chumvi mpaka akakata tamaa, ndipo akaamua kwamba tatizo ni kimeo. Nikapelekwa kwa mzee mmoja, nikashikwa kichwa na watu wazima, kimeo kikakatwa. Homa zikaendelea vilevile. Baadaye goti la kulia likavimba. Likapoa lenyewe, maumivu yakahamia kifundo cha mguu wa kushoto, kisha kiwiko. Nyumbani wakasema mtoto anakua.

Ndani ya mwili mambo yalikuwa mengine. Bakteria wa koo wanaoitwa streptokoka wanaiamsha kinga ya mwili, na kwa baadhi ya watoto kinga hiyo ikishaamka inavamia hata visivyohusika: viungo, ngozi, na valvu za moyo. Viungo hupona bila alama. Valvu hazisahau. Kila koo linapouma upya kwa bakteria hao, kovu linaweza kuongezeka, na mtoto anaendelea kucheza rede uwanjani bila mtu kujua. Mimi nilianza kujua chuoni, nilipoona wenzangu wanapanda ngazi huku wanaongea, mimi nimesimama katikati nasingizia kufunga kamba ya kiatu. Kisha nikawa silali bila kuegemea mito.

Nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kabla ya siku yenyewe daktari alituita mimi na baba kuchagua valvu: ya chuma au ya mnyama. Baba swali lake la kwanza lilikuwa la nguruwe. Akajibiwa kwamba zipo pia zinazotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, akashusha pumzi. Lakini daktari akaendelea: valvu ya mnyama kwa mtu kijana huchakaa mapema kuliko kwa mzee, kwa hiyo ajiandae kupasuliwa tena. Ya chuma haichakai namna hiyo, ila damu hupenda kuganda juu yake, na dawa yake ni warfarini kila siku ya Mungu, maisha yote. Nikachagua chuma.

Inasikika, kwa wanaouliza. Ni vibawa viwili vidogo vinavyofunga na kufunguka, na chumba kikiwa kimya vinagonga tik, tik, tik. Nikisimamia mtihani, Kidato cha Kwanza huinua vichwa kutafuta saa ukutani. Darasa letu halina saa. Wakubwa wao walishazoea, na kuna mmoja alinishauri nisimame nyuma ya darasa kwa kuwa mlio unamfanya aone muda unakwisha.

Kwa kuwa nafundisha hisabati, takwimu Kidato cha Tatu na uwezekano Kidato cha Nne, niliposikia kuna dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji, kama warfarini, kupima damu kila mara wala kuhesabu mchicha unaokula, sikungoja kusimuliwa. Nilikwenda kwenye namba.

Ya kwanza ni dabigatrani, kwenye utafiti ulioitwa RE-ALIGN. Wagonjwa wenye valvu za chuma 252 waligawanywa kwa kura: 168 wakapewa dawa mpya, 84 wakabaki na warfarini. Kura ndiyo roho ya jambo zima. Daktari akiachiwa achague mwenyewe, atawapa dawa mpya wale anaoona wana nguvu, halafu nguvu zao zihesabiwe kuwa ni za dawa. Kura haimwonei mtu huruma wala haimpendelei. Basi, mwishoni mwa 2012 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Waliopata kiharusi upande wa dabigatrani walikuwa 9. Upande wa warfarini, hakuna. Na damu kuvuja kwa kiasi kikubwa, asilimia 4 dhidi ya 2. Yaani imeshindwa kote kuwili.

Sababu inayotolewa inaeleweka ukiwa na kalamu mkononi. Damu kuganda ni mlolongo wa hatua nyingi. Warfarini inapunguza protini kadhaa za mlolongo huo kwa pamoja, kwa kulinyima ini vitamini K ya kuzitengenezea. Dabigatrani inaziba hatua moja tu ya karibu na mwisho. Kwenye chuma, ambako damu inaanzisha mlolongo muda wote, hatua moja iliyozibwa inazidiwa.

Watafiti hawakuishia hapo. Wakajaribu apiksabani, kwa watu wenye aina moja ya valvu, On-X, iliyowekwa kwenye aota tu. Hiyo ndiyo valvu iliyokuwa na matumaini kuliko zote, maana Marekani ilishakubali mwaka 2015 kwamba wenye nayo kwenye aota wanaweza kuishi na warfarini kidogo kuliko sisi wengine, pamoja na aspirini. Utafiti ukaitwa PROACT Xa, watu 863. Nao ukasimamishwa, 2022. Damu iliganda na kuleta madhara mara 20 kwa apiksabani, mara 6 kwa warfarini.

Nikizisoma hizi huwa nawafikiria wale 9 wa kwanza. Walisaini fomu, kura ikawaangukia, wakapata kiharusi. Mimi nimesaini fomu hospitali zaidi ya mara moja na najua kalamu inavyokuwa nzito pale kwenye neno "madhara". Kinachonipa imani ni kwamba tafiti hizo zote mbili zilikuwa na kamati huru iliyokuwa ikitazama takwimu katikati ya safari, na zote mbili zikakatishwa zilipoonyesha madhara. Wapo wanaoniambia utafiti uliosimamishwa ni utafiti ulioharibika. Kwangu mimi ndio uliofanya kazi yake: kidonge changu cha bei nafuu hakina mbadala hadi leo, na sasa najua kwa nini, sidhani tu kwamba nimepewa cha maskini.

Halafu ikaja INVICTUS, ambayo nakiri iliniduwaza. Hii haikuwa ya wenye valvu za chuma, mimi wasingenichukua. Ilikuwa ya watu wenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi ambao mapigo yao yameshapoteza mpangilio. Watu 4,531, nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, asilimia 72 wanawake, wastani wa miaka 50.5. Hatimaye utafiti mkubwa ambao washiriki wake ukiwatazama unawaona watu wa benchi la kliniki yetu! Rivaroksabani upande mmoja, warfarini na ndugu zake upande wa pili. Kila mtu, pamoja na watafiti wenyewe, alitarajia dawa mpya angalau itoke sare. Majibu yalitolewa 2022. Upande wa rivaroksabani waliopatwa na kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo walikuwa 560 kati ya 2,275. Upande wa warfarini, 446 kati ya 2,256. Pigeni wenyewe asilimia: 24.6 na 19.8. Na kuvuja damu hakukutofautiana kwa maana yoyote.

Tofauti kubwa ilikuwa kwenye vifo, hasa vya ghafla na vya moyo kushindwa kazi, ambavyo havihusiani moja kwa moja na kuganda kwa damu. Maelezo ni mengi. Mimi nina langu, si la kitaalamu. Anayekunywa warfarini lazima arudi kupimwa. Akirudi, kuna mtu anamtazama miguu imevimba au la, anamuuliza analala na mito mingapi, anaona dawa nyingine zimeisha. Anayepewa dawa isiyohitaji kipimo anaambiwa tuonane baada ya miezi kadhaa. Sijui muuguzi wa kliniki yangu anajua kiasi gani "Mwalimu, mbona umepungua?" yake ina thamani.

Kipimo chenyewe kinaitwa INR. Tone la damu kidoleni au mkononi, inatoka namba. Asiyetumia dawa ana karibu 1. Mimi natakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Ikishuka valvu inaweza kukwama kwa damu iliyoganda, ikipanda naweza kuvuja damu kichwani. Hapo katikati ndipo ninapoishi. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, inayopingana na dawa. Watu wanadhani nimekatazwa mboga. Sijakatazwa, nimeambiwa nile kwa kiasi kilekile wiki zote, si leo sahani nzima kesho hakuna. Nenda kamweleze hilo mama mkwe aliyekuchumia kisamvu shamba zima kwa sababu umekuja.

Kinachonitisha kuliko kisamvu ni duka la dawa. Jino liliwahi kunivimba, nikapita kununua panado. Dada wa dukani, kwa nia njema kabisa, akanipangia kwenye kaunta Flagyl na diklofenaki. Flagyl inaipandisha warfarini. Diklofenaki inachubua tumbo na kuzidisha hatari ya kuvuja damu. Vyote viwili juu ya kidonge changu ni kuitafuta ajali. Nikatoa kadi ya valvu, inayokaa kwenye pochi pamoja na kitambulisho cha taifa, nikamwonyesha. Akaisoma pande zote mbili, akamwita na mwenzie aje aione. Kwa wenye valvu bandia mnaosoma: hata kung'oa jino tunameza kwanza antibayotiki, bakteria wa kinywani wasiende kujenga kwenye valvu. Mwambieni daktari wa meno kabla hajashika koleo.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa REMEDY, uliowafuatilia wagonjwa 3,343 wa moyo wa baridi yabisi katika nchi 12 za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda, pamoja na India na Yemeni. Aliyeuongoza ni Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, marehemu sasa. Umri wa kati, miaka 28. Theluthi mbili wanawake. Kati ya waliokuwa wakitumia warfarini na kupimwa, waliokuwa na INR mahali pake walikuwa asilimia 28.3. Na kuna namba moja niliisoma nikafunga simu: kati ya wanawake wenye umri wa kuzaa, waliokuwa kwenye uzazi wa mpango ni asilimia 3.6. Warfarini inavuka kwenda kwa mtoto tumboni, na miezi mitatu ya kwanza inaweza kumharibu. Ukiiacha, valvu inaganda. Wengine hubadilishiwa sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa muda, nazo zina hatari zake. Takwimu za kimataifa za mwaka huohuo 2015 zilionyesha kwamba wajawazito wenye valvu za chuma waliojifungua mtoto hai bila dhoruba kubwa ni asilimia 58, wakati wenye valvu za mnyama ni asilimia 79. Siku ya kuchagua, swali la nguruwe lilijadiliwa kwa kirefu. Hili la mimba lilipita kwa sentensi moja, baba akiwa amekaa hapo hapo, na nani angeuliza? Binti anayeelekea upasuaji aingie chumba hicho peke yake walau mara moja. Mengine ya kwangu hayaandikwi hapa.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote hauhusu valvu bandia kabisa. Ulifanyika kaskazini mwa Uganda, upande wa Gulu, kwa jina la Kiacholi, Gwoko Adunu pa Lutino. Watoto na vijana 102,200 walipimwa moyo kwa mashine ya eko, inayouonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti. Wakapatikana wenye dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa, ambao hawaumwi chochote na mzazi hajui chochote. Kati yao 916 wakaingizwa kwenye kura: nusu wachomwe penisilini kila wiki nne, nusu wafuatiliwe tu. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa upande wa sindano walikuwa 3. Upande wa pili, 33. Penisilini! Dawa ya zamani, ya bei ya chini, iliyopo kwenye zahanati. Majibu yalitoka 2021, na shemeji hakunitumia.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliingia darasani anachechemea. Goti. Wiki iliyofuata goti limepona, kiwiko kimevimba. Wenzake wakasema amepigwa nondo mpirani. Nikamuuliza kuhusu koo, akasema liliuma kabla ya likizo, na nyumbani kuna mpango wa kumpeleka kukata kimeo. Sikumaliza kipindi. Nikampigia mama yake, nikamwambia kimeo kiache kilipo, mtoto akapimwe eko. Mama akauliza gharama, kisha akauliza mimi nimejuaje, nikamsogezea simu kifuani asikilize.

Eko ilikuta valvu moja imeanza kuvuja kidogo. Huyu wala hakuhitaji kura ya Gulu, maana aliyekwisha kuumwa viungo sindano yake ilijulikana tangu zamani. Anachoma penisilini kila wiki nne. Inauma, haina siri; muuguzi huichanganya na lignokaini, dawa ya ganzi, na kuisukuma polepole, lakini siku hiyo kijana hakai vizuri kwenye dawati. Juzi aliniuliza atachoma mpaka lini. Nikamwambia mpaka afike miaka 21, na huenda zaidi. Akapiga hesabu kwa vidole, akanitazama. "Basi mwalimu, siku za sindano usitupe jaribio."